Risala ya Darasa la Kiswahili la Jumamosi, Ontario, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, itifaki imezingatiwa.

Sisi wazazi na wanafunzi wa darasa hili tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Mwaka huu watoto wamejifunza habari za sherehe ya kila Agosti ya kukumbuka mwisho wa utumwa, inayofanyika Owen Sound, mji mdogo wa bandari kwenye Ghuba ya Georgian, ambao ulikuwa miongoni mwa vituo vya mwisho, upande wa kaskazini, vya watumwa waliotoroka kutoka Marekani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sheria ya Uingereza ya kukomesha utumwa katika makoloni yake ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1834, na watu weusi wa miji kadhaa ya Ontario wakaifanya siku hiyo kuwa sikukuu yao, yenye ibada, maandamano ya bendi, hotuba na chakula. Owen Sound walianza mandari yao, yaani sherehe ya kula pamoja nje, mwaka 1862. Tunaomba mwaka huo utazamwe vizuri, kwani tangazo la Rais Lincoln la kuwaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi lilianza kutumika tarehe 1 Januari 1863. Yaani walioketi kula pamoja Agosti ile walishangilia uhuru ambao ndugu zao waliobaki kusini walikuwa hawajauonja.

Maandamano ya sikukuu hiyo katika mji wa Windsor, Ontario, yaliyovuta maelfu ya watu, yalikwama mwaka 1967 baada ya ghasia za Detroit, mji wa Marekani ulio ng'ambo ya mto. Mandari ya Owen Sound haikukoma. Bunge la Kanada liliitambua siku hiyo Machi 2021, miaka 159 baada ya mandari ya kwanza. Hatulaumu, tunahesabu tu.

Agosti iliyopita tulikwenda Harrison Park, bustani ya Owen Sound iliyo kando ya mto Sydenham. Kwenye mnara wa kumbukumbu ya historia ya watu weusi uliozinduliwa mwaka 2004, binti mmoja alifuatisha kwa kidole vigae vyenye nakshi za mablanketi ya viraka, akakataa kuondoka mpaka avimalize vyote. Sufuria letu la pilau lilikwisha kabla ya saa saba mchana, jambo ambalo wapishi wetu hawajaacha kulisimulia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu ni moja. Tulisafiri kwa magari ya wazazi, na watoto tisa wakabaki nyumbani kwa kukosa nafasi. Tunaomba utusaidie kupata basi kwa ajili ya Agosti ijayo; sufuria la pili la pilau tutalibeba wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.