Simu yako kujaa

Tanga,
Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti, ule wa dakika sita (ambao nao sasa umekaa kwenye simu mbili), nikacheka peke yangu. Eti simu imejaa tena, na hata mwaka haijamaliza! Ukauliza haya mafaili yote yanatoka wapi.

Unaikumbuka studio ya baba, pale Ngamiani? Harusini alikwenda na filamu mbili, picha 36 kila moja, basi. Kila akibonyeza, pesa imekwenda, na kusafisha alilipia tena. Ndiyo maana mtu akifumba macho alikemewa kama kaiba. Sasa kwenye sendofu ya Rehema mimi peke yangu nimetoka na picha 412. Keki tu nimeipiga mara 19. Nani angenizuia? Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa mashine ya diski yenye uzito wa karibu tani moja, na uwezo wake haukufika megabaiti 5. Leo kadi ndogo kama ukucha inabeba sherehe za ukoo mzima, kwa hiyo hakuna anayechagua tena.

Halafu tunarudufu. Ile video ya mama mkwe akicheza ina kama megabaiti 20. Nimeirusha kwenye grupu la familia, watu 150, na kila aliyeifungua kabaki na nakala yake. Wakiifungua wote, hizo ni gigabaiti 3 za kiuno kimoja! Zamani tusingeweza. Kwenye intaneti kafe ulikuwa ukipandisha picha moja unakwenda kunywa chai, unarudi bado. Mkonga wa SEACOM, ule waya mkubwa wa intaneti, ulipoingia kupitia baharini Julai 2009, na mwenzake EASSy mwaka uliofuata, njia ikapanuka. Bando nazo zikafuata.

Ila hayo tunayafanya kwa mikono yetu. Mimi yananishangaza zaidi yale yanayoandikwa sisi tumekaa. Jana nimenunua LUKU kwa simu. Nimepata meseji ya malipo, nimepata meseji ya tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita, na huko kwenye kompyuta za mtandao wa simu na za shirika la umeme kumebaki kumbukumbu za saa, namba yangu, namba ya mita na salio. Zamani ningelipa kwa noti, noti ikaenda zake bila kumwambia mtu ilipotoka. Na simu hata ikiwa mkobani, imenyamaza, inawasiliana na mnara. Duka la jirani limefungwa kamera. Usiku kucha inarekodi kufuli. Kufuli lenyewe halijasogea tangu saa tatu usiku, lakini limehifadhiwa.

Leo asubuhi nilikaa nifute za kwangu. Nikafika ya arobaini, nikakuta ya marehemu bibi anakuna nazi, nikaishia hapo.

Nimechimbua pia ile ya darasa la saba, baba alitupiga moja tu, wewe umefumba macho. Nitaipiga kwa simu nikutumie kesho. Futa chochote uipatie nafasi.

Wako,
Saumu