Kiti chako kiwe upande wa mtaro

Mwanga, Kigoma
Jumatano usiku

Binti yangu Zaituni,

Assalaam alaykum. Hapa nyumbani hatujambo, ila goti la mama yako bado linamsumbua akiinama. Habari ya safari yenu ya Kigali nimeipata kwa shangazi yako, si kwako, na hilo limeniuma. Ungeniambia mwenyewe, mama. Ningekataa siku mbili, ya tatu ningeridhia.

Shangazi amenionyesha hesabu zako: watu wanne, gari moja, mafuta ya kuchangia, kulala mtaa wa Nyamirambo, mlo mkubwa mara moja kwa siku. Nimezisoma mara mbili. Umejipanga kuliko nilivyowahi kujipanga mimi na lori zima la mzigo. Fedha haitawaangusha. Mchana tafuteni melanje, unajipakulia sahani moja ikajaa, inakufikisha usiku. Nyamirambo Kiswahili kinasikika, basi ulizeni bei kabla hamjakaa. Makumbusho ya Gisozi hawatozi kiingilio. Wamezikwa pale zaidi ya watu 250,000 waliouawa mwaka 1994. Nimepita Kigali miaka yote ile sikuingia hata siku moja, kila mara mzigo ulikuwa wa haraka. Wewe ingia.

Ninachoogopa ni barabara. Mkivuka daraja la Rusumo mkaingia Rwanda, mnahamia kuendesha upande wa kulia, na gari lenu usukani wake uko kulia. Kwetu dereva anakaa karibu na mstari wa katikati. Kule, kwa gari la kwetu, anakaa karibu na mtaro. Ukijiona uko katikati ya barabara, ujue umeingia upande wa watu. Kiti chako kiwe upande wa mtaro, Zai. Liandike hilo kwenye karatasi, ulibandike mbele ya usukani.

Mpakani hutakosea, kuna mabango na magari ya kufuata. Mtu anakosea alfajiri. Ametoka kulala, anatoka kituo cha mafuta, barabara nyeupe, hata baiskeli hakuna, mkono unakwenda kushoto wenyewe. Najua ninachosema. Lile gari la ajali yangu ya Kibungo, breki zake zilikuwa nzima. Fundi aliyezifunga alifukuzwa kazi, nami nilikuwa nimesimama palepale. Mama yako usimwambie, nitamwambia mimi.

Kuovateki ndiko kubaya zaidi. Ukiwa nyuma ya lori huoni kitu ila turubai, anayeona mbele ni aliyekaa kushoto. Huyo asilale, asishike simu. Akisema ngoja, ngoja, hata kama gari zima linakuhimiza. Na kipilefti, jina lenyewe limetuzoesha vibaya: kule unaingia kwa kulia, unaizunguka mkono wako wa kushoto ukiwa upande wa bustani. Kigali zipo nyingi. Mkifika mjini liegesheni gari, tembeeni kwa miguu au pandeni pikipiki, abiria mmoja mmoja na kofia kichwani. Milima ya Kigali inachosha miguu lakini haina gharama.

Tena giza. Saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Kigoma jua linazama karibu na saa moja jioni, kule saa kumi na mbili tayari linazama. Ukishairudisha saa yako nyuma, usiitazame ukadhani bado mapema. Kutoka Rusumo mpaka Kigali ni kama kilomita 160, kona na miinuko mwanzo mwisho, na kamera za mwendo zimewekwa njiani. Mkichelewa mpakani laleni upande wetu. Chumba cha Benaco nitakilipia mimi.

Kama safari itaangukia Jumamosi ya mwisho wa mwezi, hiyo ni siku ya umuganda, watu wanatoka kwa kazi za pamoja saa mbili mpaka saa tano asubuhi. Msipange kuwa barabarani.

Mama yako amekukaangia dagaa. Nilimkuta anawafunga kwenye mfuko wa plastiki nikamzuia, Rwanda waliupiga marufuku tangu 2008 na mpakani wanakagua. Amewahamishia kwenye karatasi ya kaki. Barua nimeiweka juu yao, ikikufikia Kasulu ina doa la mafuta ndiyo sababu. Mawese nimekubakizia nusu dumu, bei imepanda tena. Bati la jikoni tumelibadilisha. Mbuzi mdogo tumemuuza, usiulize kwa nini.

Kadi ya njano ya bima ya gari, aliyeazimisha gari awape mkononi kabla hamjaondoka, nawe uisome tarehe kwa macho yako.

Ukiipata barua nitumie ujumbe, niambie jina la atakayekaa kiti cha kushoto. Nataka kuongea naye mwenyewe kwa simu kabla ya Rusumo. Mama yako naye anauliza kama kifuniko cha sufuria kubwa uliondoka nacho wewe.

Baba yako