Kabla hujatia sahihi

Umoja, Nairobi
Jumapili usiku

Kwako Rehema,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, ila maji yamekatwa tena na mwenye nyumba hapokei simu. Swali lako haliwezi kujibiwa kwa ujumbe wa mistari miwili, ndiyo maana nakuandikia barua.

Unauliza kama uikubali ile kazi ya kusoma hati kule Upper Hill ninakofanya mimi, huku ukingoja kuapishwa uwakili. Ukibanwa na kodi ya nyumba, ikubali. Ila usitie sahihi karatasi inayokuita mshauri huru.

Kazi yenyewe si ngumu, inachosha tu. Mnajazana ukumbini, mawakili na wahitimu wa sheria, kila mtu na kompyuta yake, mkisoma barua pepe za kampuni ya Marekani iliyoshtakiwa huko kwao. Kila hati unaitia alama: inahusu kesi, haihusu, au ni siri ya wakili na mteja wake. Hiyo ya tatu ndiyo pekee inayokukumbusha kwamba ulipita Karen kusomea uwakili. Zamu zinafuata saa za New York, ambako wako nyuma yetu kwa saa 7 au 8, kwa hiyo unaingia alasiri na kutoka usiku wa manane, na nauli ya usiku ni shauri lako. Programu inahesabu dakika. Ukienda msalani, hesabu inasimama. Hati zikiisha katikati ya zamu mnaambiwa msubiri, na kule kusubiri hakulipwi. Kuna dada mmoja pale, wakili kamili, anayejilipia leseni ya uwakili kila mwaka ili aje kubofya vitufe vitatu.

Hayo ningeyameza. Kinachoniudhi ni karatasi. Kwa kuwa wamekuita mshauri, wanakukata asilimia 5 ya kodi ya zuio na kuishia hapo: hakuna NSSF ya uzeeni, hakuna SHA ya matibabu, likizo usiitaje. Lakini huyo mshauri huru anapangiwa saa ya kuingia, anakalia kiti chao, anatumia kompyuta yao na kuomba ruhusa akitaka kwenda mazishini! Mahakama ya ajira hutazama hali halisi ya kazi, haifungwi na jina lililoandikwa juu ya mkataba, nao wanalijua hilo. Halafu mkataba ni wa miezi miwili miwili, mnapumzishwa wiki moja, mnaitwa tena. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa maandishi siku za kazi zikifika jumla ya miezi 3, imesema jumla. Na hata hiyo miezi miwili mfululizo inakupa haki ya likizo yenye malipo, siku moja na robo tatu kwa kila mwezi uliotimia.

Wanalijua, nakuhakikishia. Hao hao walinipa kazi ya kumwandikia mteja mmoja, mwenye shamba la maua, namna ya kuwaajiri vibarua wake bila kukiuka sheria hiyo hiyo. Nikaandika kurasa nzuri sana. Mimi mwenyewe sina barua ya ajira.

Usidhani ni Nairobi tu. Wakili mmoja wa Marekani alifanya kazi kama hii kwa dola 25 kwa saa bila ovataimu, kwa kuwa sheria ya kwao ya saa za ziada inawaacha nje wanaofanya uwakili. Akashtaki, na ili asikilizwe ikambidi adai kwamba alichokuwa akifanya si uwakili. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York ikaruhusu dai lake liendelee, ikisema kwamba kwa maelezo yake, kazi hiyo hata mashine ingeiweza. Hebu fikiria, wakili kujitetea namna hiyo! Sasa mashine hizo zimefika, na ndizo tunazotishiwa nazo tukigusia nyongeza.

Utasema nirudi mahakama za Milimani nikawashikie mawakili wengine kesi zao. Riziki ile imekonda. Zamani wakili mwenye kesi tatu asubuhi moja alihitaji mtu wa kumsimamia mbili, akakutumia kitu kwa M-Pesa. Tangu 2020 kesi nyingi za kutajwa tu zinasikizwa kwa video, anazimaliza mwenyewe na chai yake mezani. Mteja amepata nafuu, siwezi kulaumu.

Basi wakikuita, omba mkataba wa ajira, na uulize waziwazi kama muda wa kusubiri unalipwa. Wakigoma nawe una shida, ingia, lakini weka kumbukumbu: ratiba za zamu, ujumbe wa msimamizi, kila malipo ya M-Pesa. Ukifika mahakamani na mwajiri hana mkataba wa maandishi wa kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana unamwangukia yeye. Ile asilimia 5 nayo itafute kwenye iTax, mtandao wa kodi. Cheti cha makato kisipoonekana, uliza pesa zako zimekwenda wapi.

Nitumie picha za kurasa zote kabla ya Alhamisi, hata ule wa mwisho wenye maandishi madogo, maana Ijumaa naingia zamu mapema. Msalimie mama, mwambie ule ubuyu ulifika na umeshaisha.

Wako,
Achieng'