Pima moyo kwanza, mwanangu

Mwanangu Zuhura,

Viza ya Italia nimeiona, nimeionyesha mpaka muuza mkaa, naye kaniuliza Padova ni upande gani wa Malindi. Alhamdulillah. Lakini nilikuuliza jambo moja wewe ukanijibu kwa picha tatu na kicheko. Umepima moyo? Nauliza kwa maandishi kwa sababu nikikupigia unasema mtandao unakatika, na mtandao wa Nairobi haukatiki kila nikitaja moyo, jamani.

Usinione mjinga. Mwezi mzima ulikaa hapo barazani unanieleza mambo yako nami nakanda unga, ukadhani akili yangu iko kwenye mahamri. Nilisikia yote. Kwamba kiini cha seli ndicho kinachobeba jeni, uzi wa karibu mita mbili umekunjwa ndani ya kitu jicho halikioni. Na kwamba kiini chenyewe hakikukaa tu kama kokwa ndani ya embe, kuna kamba kimefungwa nazo mpaka kwenye ngozi ya seli, seli ikivutwa nacho kinavutwa, kikibanwa kinabadilika umbo, na jeni nyengine zinaamka nyengine zinalala. Na utafiti ule wa Marekani wa mwaka 2006, walizichukua seli shina zile zile, zile ambazo bado hazijachagua kuwa kitu gani, wakaziweka juu ya jeli laini kama faluda zikaanza kujifanya seli za ubongo, wakaziweka juu ya ya kati kama halwa zikafuata njia ya nyama ya misuli, na juu ya ngumu kama kashata zikaelekea mfupa. Halwa na kashata nimetia mimi, wewe ulisema namba, nikazisahau. Hiyo ya kusema ukiziacha kwenye plastiki ngumu siku nyingi halafu uzihamishie pahala laini zinaendelea kujihisi ziko pale pale pagumu, nilimfikiria shangazi yako, Mungu anisamehe.

Na najua kwa nini Padova. Ni kule walikoonyesha mwaka 2011 kuwa ile protini ya YAP, inayoamsha jeni, inaingia kwenye kiini seli ikiwa juu ya kigumu, na ikiwa juu ya laini inabaki nje. Umeona? Naweza kuja kufundisha. Signora niliyekuwa nikimfulia alikuwa akisema Wataliano wana chuo cha zamani mpaka Galileo alisomesha pale, nikidhani ni maringo yake tu, kumbe kweli. Basi mtoto wa mfuaji nguo wa Shela anaingia mlango huo na mimi nitajisifu mpaka wachoke. Lakini pima moyo kwanza.

Kwa sababu wewe ndiye uliyenieleza lamini. Ulisema ni kama jarife lililotandazwa kwa ndani kwenye ukuta wa kiini, ndilo linalokipa nguvu kisipasuke kikivutwa, na pahala penye kazi nzito kama misuli na moyo jarife hilo linafumwa nene. Jarife tunalijua nyumba hii. Jarife bovu halikatiki siku ya kwanza, linakatika siku ya samaki wengi. Na moyo unapiga kama mara laki moja kwa siku, kila pigo viini vinavutwa na kuachiwa, sasa kama nyuzi zenyewe zilifumwa na kasoro tangu tumboni itakuwaje? Daktari wa Mombasa alipompima ndugu yako Salim aliandika Emery-Dreifuss, ugonjwa wa misuli na moyo, na jeni LMNA, ile ya kutengenezea lamini, iliyojulikana tangu 1999 kuwa ikiwa na kasoro huleta ugonjwa huo, na akasema kila mtoto ni nusu kwa nusu kuirithi. Hakusema kila mtoto wa kiume. Wewe hushiki ukuta ukiinuka, viwiko vyako vinanyooka, unapanda ngazi mbio, sawa, lakini alisema wazi kuwa kuna watu misuli yao haioneshi kitu na moyo ndio unaoanza kuchelewa. Mjomba wako Athmani alikuwa akicheza mpira. Alilala hakuamka, miaka 34, na watu wakaanza kutajana majina ya waliomfanyia.

Yeye alinambia mara mbili kuwa anaona giza akisimama. Nilimpa maji ya ndimu.

Na habari ya Salim kutembea kwa ncha za vidole unaijua, kuna zahanati walisema ni viatu, nami nikasema anadeka, nikasema na mengine. Sirudii. Yeye hajambo, kile kimashine cha kuusaidia moyo walichomtia kifuani hakimsumbui, ameketi hapa anatengeneza simu ya mtu na anacheka kuwa mama anaandika gazeti. Kiwiko ndicho kile kile. Amesema nikwambie umpelekee picha za viini vilivyopasuka, anataka kuviona vyake, mimi naona si vizuri lakini nyinyi wawili mna mambo yenu.

Usinambie utapimwa huko huko. Huko utafika utaanza na nyumba, na karatasi za polisi wa wageni, na baridi, na profesa anataka kazi, halafu ni Ramadhani, halafu mwaka umekwisha. Kipimo cha umeme wa moyo ni dakika kumi umelala, wanakubandika vile vinyaya basi. Kile cha kubeba mashine siku nzima pia wanacho Mombasa. Na hata kikitoka kizuri unarudia kila mwaka, daktari alisema kizuri cha leo si cha daima. Wewe unasoma viini vya panya na vya watu usiowajua, vyako je? Hili linaniudhi kuliko yote.

Haya. Makuti ya jikoni yanavuja upande wa mwarobaini, fundi amekuja ameangalia amekunywa chai ameondoka. Cherehani yako nimempa binti wa jirani aitumie, si kwamba nimempa kabisa, usije ukanuna. Nazi imepanda bei mpaka samaki wa kupaka tunampaka kwa jina tu. Sweta zile mbili nimezifua, moja ina tundu, nimelitia kiraka cha rangi nyengine, vaa ndani haitaonekana. Paka amezaa kwenye sanduku lako la vitabu, sikumtoa.

Ile karatasi ya daktari, iliyoandikwa mama na watoto wote wapimwe, usiitafute kwenye faili la Salim. Iko kwenye kopo la biskuti pamoja na hati ya shamba. Niliitia huko mimi, tangu Shaaban ya mwaka jana. Nilikuwa na harusi ya watu ya mahamri mia nane, halafu ikawa mvua, halafu basi.

Wewe unafika Jumapili kuaga. Jumatatu tutapokea wageni. Jumanne saa mbili asubuhi nimechukua nafasi, nimemwambia yule dada wa mapokezi aandike majina mawili, langu liwe la kwanza. Njoo na blauzi ya kufunguka mbele, na uniletee mimi pia moja, zangu zote ni za kuvulia kichwani.

Mamako