Fakitire tupu sitatuma

Goma, Himbi, Jumanne usiku

Dada yangu mpenzi,

Jambo sana. Habari za Bukavu, habari za watoto, na Muzee, mguu wake unaendeleaje? Sisi huku tuko, vumbi kama kawaida, na umeme unakuja kutusalimia kisha unarudi kwao. Unisamehe ukimya. Barua yako ilifika Ijumaa na boti, nikaisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Mama wa Birere anasafiri kesho, ndiyo maana naandika mbiombio na mwandiko utauvumilia.

Nianze na lile uliloomba kwa ajili ya shirika lenu, nisije nikalizunguka hadi karatasi iishe. Kitabu cha fakitire tupu, yaani ankara zenye muhuri wa butike (duka) ili mzijaze wenyewe, sitakutumia. Usininunie. Najua wengi wanafanya hivyo, na najua hapa Goma ningekipata kabla ya chai kupoa. Lakini mkaguzi akishakaa mezani, kabla ya kutazama kiasi anatazama namba. Fakitire 0147 ni ya mwezi wa tatu, 0148 ni ya mwezi wa nane, butike ile ile, kalamu ile ile, mwandiko ule ule. Ni butike gani hiyo iliyokaa miezi mitano bila mteja mwingine? Kisha atatafuta RCCM (usajili wa biashara), Id. Nat. (utambulisho wa kitaifa) na namba ya kodi ya muuzaji, na atapiga simu iliyoandikwa juu ya karatasi aulize kama kweli mlinunua mabati arobaini. Moja ikionekana ya uongo, hata zile mia moja za kweli zitaanza kunusiwa. Leo mna deni, na deni hulipwa. Karatasi hiyo ikiingia kwenye faili jina linageuka kuwa wizi, na saini iliyo chini ni yako wewe, si ya Presida wa shirika.

Haya. Deni lenyewe sasa. Nimelichora upya kutokana na ulivyoniandikia, uniambie kama nimekosea. Awamu ya pili ya pesa za mradi wa maji ilichelewa, mkachukua dola 4.300 kwenye pesa za mradi mwingine, wa akina mama wa cherehani. Mishahara ya watu watatu, 450 kila mmoja, miezi miwili: 2.700. Kodi ya biro, yaani ofisi, miezi mitatu kwa 250: 750. Mafuta ya jenereta na intaneti: 850. Na sasa mfadhili wa cherehani anataka rapoti katika wiki tatu.

Wewe unasema, pesa za maji zikiingia tutarudisha zote. Hapo ndipo nilipoiweka barua chini. Hazitarudi zote, dada. Fungua bajeti ya maji uisome mstari kwa mstari: mishahara inayokubaliwa pale ni ya watu wawili tu, maana yule wa tatu ni mwalimu wa cherehani… ngoja, au ni mlinzi? Hukuandika. Vyovyote vile hayumo kwenye maji. Kwa hiyo ni 1.800. Kodi ya nyumba wanabeba nusu, yaani 375. Mafuta na intaneti hawana mstari kabisa. Jumla ambayo mradi wa maji unaweza kurudisha kwa halali ni 2.175. Zinabaki 2.125 ambazo hazina baba wala mama. Hilo ndilo shimo lenu, na lingekuwepo hata kama awamu ya pili ingeingia siku yake. (Kama huyo wa tatu ni mwalimu wa cherehani, mshahara wake ungeweza kuwa tayari umo kwenye bajeti ya cherehani, na hapo 900 zinatoka kwenye deni na shimo linashuka hadi 1.225. Angalia mkataba wake kwanza kabla ya kufurahi.)

Fanya hivi, na uanze kesho, usingoje wikiendi.

Hesabu kese, yaani pesa taslimu za ofisini. Mama Kese anayezitunza asihesabu peke yake. Wawe yeye, kontable (mhasibu), na mtu mmoja wa baraza. Andikeni noti kwa aina yake: mia za dola ngapi, hamsini ngapi, ishirini ngapi, kisha franka, elfu ishirini, elfu kumi, elfu tano, kushuka hadi mia tano. Zile dola zenye mpasuko ziandikeni kando. Zinahesabiwa, ila sokoni hakuna atakayezipokea, na huwezi kusema una dola mia wakati una karatasi ya kufungia ndizi. Mwishoni tarehe, saa, saini tatu. Kisha linganisha na kitabu: mliyoanza nayo, jumlisha yaliyoingia, toa yaliyotoka. Kama kese na kitabu havikubaliani, usirekebishe kitabu. Andika tofauti kama ilivyo na utafute sababu yake.

Baada ya hapo tengeneza jedwali la deni. Kila mara pesa ilipohama: tarehe, kiasi, kutoka mradi upi kwenda upi, ililipa nini, nani aliruhusu. Kama hakuna aliyeruhusu kwa maandishi, andika hivyo hivyo, "hakuna". Baraza likae wiki hii, lilitambue deni hilo kwenye muhtasari wa kikao kwa tarehe ya leo. Kwa tarehe ya leo, nasisitiza. Namjua Presida, atataka kuandika ya mwezi wa nne.

Halafu mwandikie mfadhili wa cherehani KABLA ya rapoti. Ukurasa mmoja unatosha: tumetumia kiasi hiki, siku hizi, kwa sababu hii, tumekosea kutokuomba ruhusa, tutarudisha 2.175 pesa za maji zikiingia na zilizobaki kwa awamu hizi, jedwali na muhtasari hivi hapa. Usimwage machozi humo wala usielezee vita, anajua. Wafadhili wamezoea pesa kuchelewa. Kinachowachoma ni kulisikia jambo kwa mkaguzi kabla hawajalisikia kwako. Anaweza kukubali urudishe polepole, anaweza kukata kwenye awamu ijayo. Yote mawili mtayamudu.

Na shimo lijazwe na nini? Michango ya wanachama, ile ambayo nusu yao hawajalipa tangu mwaka jana. Kukodisha ukumbi wenu siku za Jumamosi. Sare za shule, kama akina mama wanapokea oda: faida iende kwenye mfuko wa shirika. Hilo si kosa. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, inayoziongoza ASBL, mashirika yasiyo ya faida, inakataza wanachama kugawana faida, haikatazi shirika kujitafutia kidogo kando ya kazi yake. Lakini hapa kuwe na kitabu chake na risiti zake, isije ikaonekana cherehani za mradi zinashonea mifuko ya watu.

Narudi kwenye shimo, nisamehe, maana ndilo linaloninyima usingizi kuliko deni lenyewe. Ukilipa 2.125 leo na bajeti zikabaki zilivyo, mwakani litachimbika tena. Nyote mnaandika bajeti kana kwamba shirika linaishi hewani. Mabomba yapo, saruji ipo, posho za mafunzo zipo, lakini kontable, mlinzi, kodi na intaneti hakuna, eti mfadhili atatuona wabadhirifu. Umoja wa Ulaya wenyewe unakubali hadi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja kwa ajili ya gharama za uendeshaji, bila kukudai fakitire za hiyo asilimia. Serikali ya Marekani ilipandisha kiwango chake cha aina hiyo kutoka asilimia 10 hadi 15 tangu Oktoba 2024, ingawa tangu walipofunga USAID mwaka 2025 hicho kiwango kwa wengi wetu huku kimebaki hadithi. Mradi wako wa maji ni wa dola 30.000. Asilimia 7 yake ni 2.100. Sasa iweke hiyo kando ya shimo lako la 2.125 uone. Hukuomba! Na wao hawatakuletea kitu ambacho hukuomba.

Zaidi ya asilimia hiyo, gawa gharama za pamoja kwa kanuni, na kanuni iandikwe kwenye kitabu chenu cha taratibu kabla ya kutumika. Kontable anajaza karatasi ya muda kila wiki: siku mbili maji, siku mbili cherehani, siku moja shirika. Basi mshahara wake unabebwa asilimia 40, 40 na 20. Kodi igawe kwa idadi ya watu wanaokaa ofisini. Karatasi ya muda inajazwa na kusainiwa mwisho wa mwezi wake. Zile za miezi sita zinazojazwa siku moja kabla ya mkaguzi zinajulikana, zote zinanukia wino mmoja.

Na hiyo 450 ni mkononi au ni jumla? Kama ni jumla, mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya CNSS (bima ya jamii), dola 22,50, na bado kuna kodi ya mshahara. Juu yake mwajiri anaongeza asilimia 13, yaani 58,50 kwa kila mtu kila mwezi. Kwa watu watatu na miezi miwili ni 351, ambazo sizioni popote kwenye hesabu yako. Hata kama siku hizi kulipia kuna mambo yake, andika kama deni, usifanye kama haipo. Michango ya INPP (mafunzo ya kazi) na ONEM (ajira) vilevile.

Kuhusu pesa zenyewe kufika: tangu benki zilipofunga milango huku kwetu mwanzoni mwa 2025 kila mtu amekuwa benki, na hapo ndipo makosa yanapoota. Namba ya simu inayopokea pesa iwe ya shirika, isiwe ya mratibu (ndiyo, ya kwako namaanisha). Chapisha taarifa ya miamala kila mwisho wa mwezi, na kila malipo ujumbe wake uhifadhiwe pamoja na hati ya kutoa pesa. Ada ya kutoa iwe na mstari kwenye bajeti. Isipokuwapo inakatwa kimya kimya kwenye chakula cha mafunzo. Mkivuka kwenda Kamembe, Rwanda, kuchukua pesa, waende wawili, na siku hiyo hiyo iandikwe: dola ngapi, zilibadilishwa kwa bei gani, nani alibadilisha. Hasara ya ubadilishaji wafadhili wengi hawaikubali, kwa hiyo badilisheni kidogo kidogo mnapohitaji franka.

Vitu vya Kadutu sokoni, motari wa pikipiki, wapagazi wa bandarini, hao hawana fakitire na hawatakuwa nayo. Hapo hakuna haja ya kudanganya. Tengeneza karatasi ya malipo: jina, kazi au kitu, kiasi, simu, saini au kidole gumba, na shahidi mmoja. Muulize mfadhili kikomo chake kwa kila malipo, ukipewa kiandike kwenye kitabu cha taratibu. Hii ndiyo ingekuwa badala ya zile fakitire tupu tangu mwanzo.

Jambo jingine dogo ila si dogo. Nimesoma kwamba Mama Kese ndiye mwenye ufunguo na ndiye anayeandika kitabu. Simtuhumu, ni mtu wa kanisa. Lakini anayeshika pesa asiandike, anayeandika asiruhusu. Wewe uruhusu, yeye atoe, kontable aandike, mtu wa baraza ahesabu ghafla mara moja kwa mwezi. Na kese isizidi dola 300 usiku. Hesabu zenyewe zifuate SYCEBNL, ule mfumo wa hesabu wa OHADA (umoja wa nchi za Afrika wa sheria za biashara) kwa mashirika yasiyo ya faida ulioanza tarehe 1 Januari 2024. Una sehemu nyepesi kwa mashirika madogo, ya pesa iliyoingia na iliyotoka. Kontable wako bado anatumia ule wa makampuni, na ndiyo maana rapoti zake zina "mtaji" wakati hamna mtaji wowote.

Nimeweka humu mfano wa jedwali na wa barua ya ukurasa mmoja. Na fromaji (jibini) ya Masisi, ya watoto, si ya Presida.

Sasa nijibu na boti itakayorudi: yule mtu wa tatu ni nani hasa? Mkataba wa cherehani unasema nini kuhusu kuhamisha pesa kati ya mistari, asilimia 10 au hakuna kabisa? Mfadhili wa maji alieleza kwa maandishi kwa nini amechelewa? Ile barua yake unayo, au ilikuwa simu tu? Nani mwingine anajua kuhusu fakitire, umeshawaomba wengine? Na wewe mwenyewe mshahara wako wa miezi hiyo miwili uko wapi, mbona kwenye watu watatu sikuoni?

Kaka yako wa Himbi