Mkiulizwa kuhusu trekta lenu, tuambieni ukweli

Mhariri, assalaam alaykum.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua hii ni ndefu kidogo ila jambo lenyewe limenikaa kooni tangu masika yaliyopita na naamini si langu peke yangu. Mie ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mpunga huku Wete, Pemba, tuko watu 23, wengi wetu kina mama, na baada ya miaka minne ya kuweka weka, mpunga kidogo karafuu kidogo, alhamdulillahi tumefika pahala tunaweza kununua trekta letu la kwanza. Na hili la kwanza ndo lenye kazi, mana huna lolote ulilojifunza mwenyewe, unanunua kwa maneno ya watu.

Kwa nini tunataka letu kila mkulima wa bondeni anajua. Kuchimba kunatakiwa kabla masika hayajakolea, kuburuga, yaani kuvunja mabonge ya udongo, kufuate, alafu mbegu. Trekta la kukodi linazunguka mabonde mengi, likifika kwako limechelewa wiki mbili tatu maji yashajaa, dereva anatizama pale ukingoni anakwambia mama hapa siingii nitazama, na kweli angezama, hana makosa yule. Mwaka jana viraka vyetu sita vililala hivohivo bila ya kupandwa. Kimoja cha mjane mwenye watoto wanne.

Bas wenzangu wakanipa kazi ya kwenda kuuliza. Nimeuliza watu tisa, wenye matrekta na wanaoyaendesha, hapa Pemba na nilipovuka Unguja kwa dada yangu nikafika Cheju, Mtwango, hadi Makunduchi. Wote walinipokea vizuri, chai nimekunywa kila nyumba, Mungu awalipe. Lakini nilipokaa usiku na daftari langu nikaona nina maneno mengi na sijui lipi nilishike, mana kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mmoja anasema usinunue chini ya hospawa 75, yaani nguvu ya injini, mwengine anasema 75 za nini bondeni utajizika. Mmoja anaapa kwa Massey Ferguson, mwengine hataki kusikia ila Kubota ya Japani, wa tatu ana Swaraj ya Kihindi na anasema nyinyi mnanunua majina tu.

Ikanichukua muda kufahamu kwamba wote wanasema kweli, ila kila mmoja anasema kweli ya shamba lake. Yule bwana wa Makunduchi aliyenambia trekta dogo ni kutupa pesa anaishi kwenye maweni, udongo shubiri moja chini jiwe, trekta lake kazi yake kubwa ni kuvuta trela la mawe na maji, lazima liwe zito lishike njia. Mie nikilichukua lake nikalitia bondeni kwetu nimekwisha. Bonde la mpunga lina lile tabaka gumu chini ya tope, ndo linaloshika maji yasizame, na trekta zito mno linalipasua tabaka hilo, alafu mwaka wa pili unashangaa maji hayakai na unailaumu mvua. Hilo alinieleza mzee wa Cheju aliyelima pale maisha yake yote, akanikatia kipande cha ardhi kwa jembe kunionesha tabaka lenyewe, na kwa kweli nimejifunza zaidi hapo kuliko kwenye karatasi zote za wauzaji.

Kwa hiyo mwenye kutafuta trekta kama mimi, kabla hujamuuliza mtu analipendaje trekta lake, muulize udongo wake, ukubwa wa viraka vyake, na analifanyisha kazi gani. Kama hafanani na wewe, maneno yake yashukuru na yaweke pembeni.

Jengine ni muda. Aliyenunua miezi sita nyuma anasifu tu, na si mwongo, bado halijamuuma. Nimemkuta kijana mmoja trekta lake jipya linang'ara, kila kitu safi, nikamuuliza umebadilisha nini mpaka leo, akasema oili tu. Sasa huyo ananisaidia nini? Nikaenda kwa mzee mwenye Massey Ferguson 240, ile ya injini ya Perkins silinda tatu, hospawa kama 50, amekaa nayo miaka mingi, nikamuuliza swali hilohilo akakaa kimya kidogo akaanza kuhesabu kwa vidole: klachi mara mbili, pampu ya maji, sili za haidroliki, beringi za magurudumu ya mbele, nozeli zimesafishwa sijui mara ngapi. Mtu asiyejua angesema hilo trekta bovu. Mimi nikamuuliza, na kila lilipokufa lililala siku ngapi? Akasema spea zake zinapatikana, nyengine Mjini Unguja nyengine Dar, na mafundi wanaijua, siku mbili tatu linarudi bondeni.

Hilo swali la lililala siku ngapi ndo nimelibeba kutoka siku ile. Mana trekta letu lina wiki chache tu za kazi yake halisi kwa mwaka. Likifa mwezi wa Agosti halinitishi, likifa mwezi wa Machi na pampu inasubiriwa ivuke bahari kwa boti basi msimu umekwenda, hata ikiwa pampu yenyewe bei rahisi.

Na hapo ndo mgogoro wangu na Kubota hizi zinazoletwa mitumba kutoka Japani. Mashine yenyewe sina neno nayo, nyepesi, zina fowili, yaani magurudumu yote manne yanavuta, bondeni zinatembea kama zimezaliwa humo, na kweli zimetengenezwa kwa mpunga. Lakini nyingi zilitengenezwa kwa soko la Japani kwenyewe, maandishi yake Kijapani, na namba za spea si zilezile za Kubota zinazouzwa nchi za nje. Dereva mmoja wa Chake alinambia gesiketi moja ilimuweka nje siku 41, kazihesabu, mana kila anayetumiwa picha anasema ninayo, ikifika haingii. Mwengine ana Kubota kama hiyo miaka mitano hajapata shida, ila nilipochimba zaidi nikakuta shemeji yake yuko Dar anashughulika na spea hizo. Sasa huyo hasemi uongo akisema Kubota haina tabu, lakini mie sina shemeji Dar.

Nataka nizungumze na la hospawa kidogo kwa sababu watu wanadanganywa. Namba iliyoandikwa kwenye boneti ni ya injini. Inayofika nyuma kwenye pitio, ile shafti inayozungusha rotaveta, mashine ya visu ya kuburugia, ni pungufu, trekta la 50 linakupa arubaini na kidogo. Rotaveta ya mita moja na nusu inatosha kuzungushwa na trekta hilo, ukilifungia ya mita mbili linakoroma siku nzima na dizeli inakwisha na unasema trekta bovu. Muuzaji atakuuzia rotaveta pana mana ni pesa zaidi. Muulize tena kama klachi ni ya mikato miwili, ukikanyaga nusu trekta lisimame na pitio iendelee kuzunguka, mana bila hiyo kila ukisimama kwenye tope zito rotaveta nayo inasimama na kuanza tena ni mateso. Kati ya watu tisa niliowauliza hakuna mwenye trekta aliyenitajia hilo, alilitaja dereva.

Madereva wanajua. Hili nataka nilisisitize kwa nguvu, mwenye trekta anajua amelipa ngapi, dereva anajua linavyoingia gia asubuhi. Mkaribishe dereva peke yake, mwenyewe asiwepo, muulize.

Sasa nije kwenye lililonifanya hasa nishike kalamu mhariri. Kikundi jirani na sisi, siwataji, walinunua trekta la mkono wa pili mwaka juzi kwa muuzaji wa bara kwa picha za simu. Walimuuliza mtu aliyewahi kununua kwa muuzaji huyohuyo, akawambia mzuri yule hana neno. Trekta likashushwa bandarini rangi mpya kabisa, mita inasoma masaa machache, watu wakapiga vigelegele. Masika ya kwanza tu hausi ya klachi ikapasuka, fundi alipokwangua rangi akakuta ilishapasuka zamani ikachomelewa ikapakwa. Na yule aliyewambia mzuri? Lake nalo lilikuwa hivohivo! Alijua. Alinyamaza mana alikuwa analitafutia mteja lake na hakutaka lipate jina baya. Kina mama wale walitoa pesa za mahari za watoto wao mhariri, pesa za matanga, mmoja aliuza ng'ombe wake wa maziwa. Trekta liko chini ya mwembe mpaka leo.

Simhukumu yule bwana, naye alipata hasara na alitaka kujiokoa. Lakini neno moja tu la kweli lingewaokoa watu thalathini.

Kwa hiyo mita ya masaa msiiamini. Zile za zamani zinahesabu kwa mizunguko ya injini, likisimama linanguruma polepole masaa yanapita kidogo kuliko saa ya ukutani, na waya wake ukichomolewa haihesabu kabisa. Tizameni pedeli zimelika kiasi gani, usukani una mchezo kiasi gani. Nendeni asubuhi mapema na mguse injini, kama ina moto basi limeshawashwa kabla hamjafika, muulizeni kwa nini. Nyanyueni rotaveta juu, zimeni injini, kaeni mpige soga robo saa, ikiwa imeshuka chini haidroliki inavuja kwa ndani. Fungueni oili ya gia, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa maji yameingia. Na nendeni na fundi wenu mnayemlipa nyinyi, asiwe fundi wa muuzaji.

Na kuna jambo ambalo kati ya wote tisa mmoja tu alinieleza, na mpaka nilipomuuliza: je lishawahi kukutisha? Akanyamaza, kisha akanambia kwamba siku moja alivuta gogo la mnazi akalifunga juu, kwenye mikono ya nyuma ya kunyanyulia badala ya ile bao ya chini ya kuvutia, mbele ya trekta ikanyanyuka ikasimama kama farasi, akawahi kukanyaga klachi. Fremu ya kinga, ile ya kumlinda dereva trekta likipinduka, ilikuwa haipo, waliiondoa wenyewe mana ilikuwa inakamata matawi ya mikarafuu. Pemba hii ya vilima na mabonde, trekta bila fremu! Na nani hajawaona watoto wanarudi skuli wamekaa juu ya madigadi, na mabibi wanarudi bondeni wameshikilia nyuma karibu na shafti ya pitio inazunguka haina kifuniko na kanga zao zinapepea. Shafti ile inazunguka mara 540 kwa dakika. Ikishika ncha ya kanga huna muda wa kupiga ukelele. Kila ninayemuuliza kuhusu trekta anasema habari za dizeli na nguvu, hakuna anayesema hili, na mie ni mama na nimekwisha kuwambia wenzangu kwenye kikao kwamba trekta letu likija bila fremu na bila kifuniko cha shafti pesa hazitoki, niko tayari kugombana.

Hivi sasa tumefikia hapa: tunataka la hospawa 45 hadi 50, lenye fowili, la aina ambayo mafundi wa Pemba washaifungua na kuifunga, tukichukua na magurudumu ya chuma ya tope na rotaveta ya mita moja na nusu. Massey Ferguson iko kwenye orodha, Swaraj iko, New Holland iko. Trela tumesema lisubiri ingawa wanaume wote kwenye kikundi wanalitaka mwanzo.

Kinachonizuia kusema ndiyo ni fowili yenyewe. Ekseli ya mbele yenye fowili inazama kwenye tope na maji, na sili zikichoka maji yanaingia kwenye difu, zile gia za ndani ya ekseli, hilo nimeambiwa na fundi lakini fundi anaona yaliyoharibika tu, mazima hayapelekwi kwake. Nataka kusikia kwa mwenye nalo. Kama kuna msomaji wako Unguja au Pemba, mwenye trekta la fowili la ukubwa huo, lililokaa kwenye bonde la mpunga masika matatu au zaidi, namuomba aandike hapahapa kwenye ukurasa huu: sili za mbele umebadilisha mara ngapi, ulizipata wapi, na lililala siku ngapi. Hata kama unataka kuliuza. Tunakaa kikao cha mwisho kabla ya vuli.

Katibu wa kikundi cha wakulima wa mpunga,
Wete, Pemba