Mume wangu anavionea wivu vifaa vya tiba

Shikamoo Shangazi,

Nilitibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi, ya nje na ile ya ndani. Nashukuru Mungu nipo hai. Ila tuliporudia tendo la ndoa na mume wangu niliumia mpaka nikalia, na damu kidogo ikatoka.

Nesi wa kliniki hakushangaa nilipomweleza. Alisema mionzi huacha makovu. Uke hukauka, hubana, na kuta zake zinaweza hata kushikana. Mbona wanawake hatuambiwi haya mapema? Akanipa seti ya vipanuzi vya uke, vya plastiki laini, kuanzia chembamba kama kidole hadi kinene. Unapaka kilainishi cha maji, unalala chali umekunja magoti, unakiingiza taratibu huku ukishusha pumzi, unakiacha dakika 5 hadi 10. Mara 2 au 3 kwa wiki. Ukikizoea, unahamia kinachofuata. Tena vinamsaidia daktari aweze kunipima vizuri kila ninaporudi kuangaliwa kama ugonjwa umerejea.

Mume wangu aliviona kwenye droo akaniuliza kama yeye hanitoshi. Nilimwambia ni tiba. Akanyamaza, na tangu hapo ananipa mgongo kitandani. Sasa najifungia bafuni, sikio likiwa mlangoni, mwili umekakamaa, na mwili ukikakamaa kifaa hakiingii. Nimeanza kuruka siku, nami najua nikikaa muda mrefu uke utazidi kubana.

Nesi anasema tuende wote kwa mshauri. Mume anaweza kufundishwa kunisaidia, ikawa njia ya kuzoeana upya. Nilipomgusia, alijibu kwamba mambo ya chumbani hayapelekwi kwa watu. Mimi nahisi si wivu peke yake. Damu ile ilimtisha. Siku hizi hata kunishika mkono anasita, na mtu huyu ndiye aliyekuwa akiniogesha nilipokuwa hoi.

Shangazi, vifaa siviachi. Lakini nimfikieje? Nimwombe daktari wa kiume azungumze naye, au atajiona nimemvunjia heshima? Au nianze kwa kumkaribisha akae tu pembeni yangu ninapofanya mazoezi, bila kumtaka aguse chochote? Wenzangu mliopitia mionzi, waume zenu mliwaanzaje?

Mke anayempenda mumewe